Hell's Gate kwa baiskeli: jaribu kengele kabla ya gia

Mara ya kwanza nilipoingia Hell's Gate kwa baiskeli, hofu yangu yote ilikuwa simba. Nilimuuliza askari wa langoni habari za simba mpaka akacheka. Habari za nyati sikuuliza.

Hifadhi hii ya Naivasha ni ndogo, kilomita za mraba 68 na ushee, na imekuwapo tangu 1984. Ni mojawapo ya hifadhi chache za Kenya ambamo unaruhusiwa kukata katikati ya pundamilia, twiga na pofu ukiwa juu ya baiskeli, bila kioo cha gari kati yenu. Watu huiendea kwa sababu hiyo, na humo humo ndimo mlimo na hatari yake. Gari hutanguliwa na mngurumo. Mnyama hulisikia likiwa bado mbali, akaamua mapema anakwenda wapi. Baiskeli humfikia kimyakimya.

Nyati niliyekutana naye alikuwa dume mzee, wale wanaotembea peke yao, amejilaza penye vichaka vya leleshwa kando ya njia upande wa Buffalo Circuit. Mimi nilikuwa nateremka kwa kasi, nimeinamia usukani kana kwamba kuna anayenipimia muda. Nilipokata kona, hatua kama ishirini mbele, akainuka. Nikabana breki ya mbele peke yake, kosa la mtoto, nikajikuta vumbini na baiskeli juu yangu. Akainua pua, akapuliza pumzi, kisha akaingia zake kichakani. Ni yeye aliyeamua kuondoka. Mimi sikufanya lolote la maana.

Kwa hiyo sasa kabla ya kila kona yenye kichaka napunguza mwendo na kupiga kengele, au naongea kwa sauti hata nikiwa peke yangu. Nikimwona nyati karibu na njia nasimama mbali, nashuka, nasubiri. Likija gari, namwomba dereva nipite ubavuni mwake, upande usio na nyati. Kungoja nusu saa si aibu. Na pundamilia usishindane nao mbio, hata kama video itapendeza: hukimbia sambamba nawe, halafu ghafla hukatiza mbele ya gurudumu. Ngiri ndio wabaya zaidi kwa hilo.

Kuhusu njia: kama ni mara yako ya kwanza, shika barabara kuu kutoka lango la Elsa hadi kwenye korongo la Ol Njorowa. Ni kilomita kama nane, kati ya majabali mekundu, na kwa sehemu kubwa unateremka taratibu. Utaipita Fischer's Tower, mwamba uliobeba jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huku 1883, na pimbi watakujia wakiomba biskuti. Wanyime. Buffalo Circuit iache kwa siku nyingine, miguu ikiwa imezoea. Ina vilima, na vumbi lake ni laini kama unga, tairi huzama.

Usitoke njiani. Udongo huu ni majivu ya volkano, mwepesi mno. Alama ya tairi ya leo mvua huigeuza mfereji. Tena migunga imejaa. Niliwahi kuingia nyasini mita chache tu kumpiga twiga picha, nikatoka na pancha mbili. Nilisukuma baiskeli hadi langoni, kupanda, jua la saa saba likinichoma kisogoni. Kumbuka hilo la kupanda: mteremko uliokufurahisha asubuhi ndio utakaoulipia jioni, basi usimalize maji korongoni.

Na korongoni kwenyewe, Ol Njorowa, huingii na baiskeli. Unashuka kwa miguu pamoja na kiongozi. Ukiambiwa limefungwa kwa sababu ya mvua, usibishane wala usitafute wa kukupitisha kando. Mvua hunyesha mbali, juu usikokuona, nawe chini una anga safi, halafu maji yanakuja kama ukuta. Mwaka 2012 yaliua watu saba, na 2019 watu saba wengine.

Baiskeli za kukodi ziko tele njia panda ya kuelekea lango la Elsa. Kagua breki zote mbili, zungusha magurudumu uone kama yanayumba, dai pampu na tyubu ya akiba. Mimi siku ile ya nyati nilikagua gia peke yake. Niliporudisha baiskeli ndipo nikaigusa kengele: ilikuwa imeshika kutu, haitoi hata mlio. Tangu hapo natembea na yangu, ya shaba, naifunga kwa waya kwenye usukani wowote ninaopewa. Vijana wa pale wameshanizoea. Nikishuka tu matatu utawasikia: "Mzee wa kengele amefika!"