King James au tafsiri mpya?

Ndugu, nimekuelewa: unaongoza darasa la Biblia kwa Kiingereza, tafsiri ya zamani ya King James inakukonga moyo, lakini vijana wanadai ni ya kizamani na ina makosa. Mimi ninazo zote mbili mezani.

Kwa kusoma kwa sauti, shika King James. Ilitoka 1611, na sehemu kubwa ya utamu wake imerithiwa kwa William Tyndale, mtafsiri wa Kiingereza aliyemtangulia, ambaye Agano Jipya lake lilichapishwa 1526. Zaburi ya 23 isome humo tu, masikio yatakushukuru.

Kwa kufundisha, usiitegemee peke yake. Maneno yamegeuka maana: 1 Wathesalonike 4:15 ina "prevent", ambalo zamani lilikuwa kutangulia, leo ni kuzuia. Mwanafunzi anapotea hapo bila kujua kwamba amepotea! Tena, watafsiri wake walitumia nakala za Kigiriki za baadaye. Mashahidi watatu wa mbinguni wa 1 Yohana 5:7 (Baba, Neno na Roho Mtakatifu) hawamo katika nakala kongwe, kwa hiyo tafsiri mpya nyingi huwaacha au huwaweka kwenye tanbihi. Usikubali uvumi kwamba "wamefutwa".

Pamoja na King James, tumia tafsiri mpya ya Kiingereza kama NRSV ya 1989 au ESV ya 2001, na tanbihi uzisome. NIV, tafsiri nyingine mpya, ni nyepesi, ila kwa ladha yangu hufafanua mno. Zikigongana kwenye fundisho zito, usiamue kwa utamu wa sentensi. Muulize mchungaji au mwalimu wa theolojia anayesoma Kiebrania na Kigiriki.