Jibu: Mwanangu hasemi, nijiunge na kikundi cha wazazi wa watoto wenye usonji?

Dadangu wa Likoni, nimekusoma. Mtoto miaka 4, hasemi, honi ya matatu ikilia aziba masikio, na mavyaa ashasema ni jini. Si jini, wala si malezi yako. Usonji (autism) ni ubongo kukua kwa namna tofauti.

Mpeleke Hospitali Kuu ya Pwani, na uombe apimwe masikio pia, kwani kutosikia nako huchelewesha usemi. Ukipata ripoti, mwandikishe katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mambo ya shule yaanzie EARC, kituo cha serikali cha kutathmini watoto.

Hicho kikundi unachokionea haya, jiunge nacho, tafadhali. Kina mama wenzako watakufunza yale ambayo daktari hana wakati nayo: kumwonyesha picha ya kikombe akitaka maji, kumnyoa kwa makasi badala ya mashine inayonguruma. Ila uliza kwanza kama kimesajiliwa na kama pesa za michango zinaandikwa. Anayeahidi kuponya usonji kwa dawa yake, mkimbie.

Akipoteza maneno aliyokuwa nayo, mwambie daktari mapema. Akishikwa na degedege, hospitali siku hiyo hiyo.