Usijaze rais tu: mimi nilifanya hivyo 2020 na nikamwangusha huyohuyo Beasley unayemlilia

Unasema uchaguzi ujao wa rais utajaza jina la rais tu kwenye karatasi ya kura halafu utoke? Ebu rudia nikusikie vizuri.

Mleta mada uko Charlotte, North Carolina, una uraia wa Marekani, Novemba 8, 2022 ulimpigia Cheri Beasley wa Democrat useneta, akashindwa na Ted Budd wa Republican, ukanuna. Sawa. Ila katikati ya bandiko lako refu la kuhamia Canada na baba mkwe wako anayempenda Trump umechomeka kasentensi kadogo kama vile si kitu, kwamba zile nafasi za chini kwenye karatasi hukuzijua ukaziacha, na kwamba next time hata hiyo ya seneta hupotezei muda. Wenzangu humu wamekupa pole. Mimi sikupi pole, mkuu, maana hako kasentensi ndiko kamenifanya nikae ndani ya gari kwenye paking ya kazini naandika kwa kidole kimoja na shifti inaanza saa moja.

Unajua huyo mama alikuwa nani kabla ya kugombea useneta? Alikuwa Jaji Mkuu wa North Carolina. Gavana wa wakati ule, Cooper, alimteua 2019, mwanamke mweusi wa kwanza kwenye kiti hicho. 2020 ikabidi akitetee kwa kura, maana jimbo hili majaji wanachaguliwa kama madiwani, akapambana na Paul Newby wa Republican. Zikapigwa kura karibu milioni 5 na laki 4. Akashindwa kwa kura 401. Mia nne na moja! Harusi ya kawaida tu ya Tanga ina watu wengi kuliko hao na bado kuna wanaokosa pilau.

Na mimi ni mmoja wa waliomwangusha. Sikumpigia Newby, mimi ni Democrat wa damu, mliberali mpaka mke wangu ananicheka. Sikumpigia mtu yeyote. Niliacha wazi.

Ngoja nikupe mkasa wenyewe. Niliapa uraia 2019, na si unajua sheria ya kwetu, uraia pacha hamna, ukiapa huku kule umekwisha. Tangu hapo nikienda Tanga kuzika nimekuwa nalipia viza dola 100 kama mzungu wa Serengeti. Kwa hiyo kura yangu nimeinunua kwa pasipoti niliyozaliwa nayo, halafu siku ya kwanza kuitumia nikatumia juu juu tu, sehemu ya chini nikawarudishia wenyewe bure.

Kwetu tumezoea mafiga matatu, rais, mbunge, diwani, umemaliza unaenda kunywa chai. Huku unapewa karatasi ndefu unadhani ni orodha ya mahari. Rais, seneta, mbunge wa Congress, gavana, naibu gavana, mwanasheria mkuu, mkaguzi, kamishna wa kilimo, wa bima, wa kazi, mweka hazina, halafu ndo wanaanza majaji, Mahakama Kuu ya jimbo, mahakama ya rufaa, mahakama za wilaya, mpaka chini kabisa kuna msimamizi wa hifadhi ya udongo na maji. Udongo na maji! Nilipoona hiyo nikajua kweli hii nchi ina hela ya kuchezea.

Sasa kwenye jumuiya yetu hapa Raleigh kuna mzee mmoja, simtaji. Yuko Marekani tangu enzi za Clinton na hicho ndicho cheti chake cha kila kitu, kodi anajua yeye, imigresheni anajua yeye, ukiumwa jino anajua yeye. Oktoba 2020 akatupa voisi ya dakika sita kwenye grupu: jamani msisumbuke na ile karatasi ndefu, ukishajaza rais na seneta wa chama chako hao wa chini wanafuata wenyewe, mfumo unajua, na msiwaguse msiowajua maana ukikosea mmoja karatasi nzima inaharibika. Kwa sauti ile ya kikao cha harusi, huwezi kubisha.

Nami kwa kiherehere changu nikaisambaza kwenye magrupu mengine matatu. Halafu Jumamosi nikachukua gari la mama watoto la viti saba, nikawapakia mke wangu, binamu yake, ndugu wawili Wakongo ninaobeba nao boksi ambao walikuwa wameapa juzijuzi tu, na mama mmoja mtu mzima wa kanisani ambaye hajui Kiingereza cha kutosha akawa ananitegemea mimi. Sita jumla. Foleni, barakoa, kila mtu mita mbili na mwenzake, na mimi njia nzima natoa semina: rais, seneta, gavana, ukifika hapo simama, zingine zinajijaza. Yule mama aliniuliza kabisa, "Mwanangu, na hawa wengine wote hawa?" Nikamwambia mama usijichoshe.

Usijichoshe!! Mpaka leo hilo neno linanipigia kelele nikiwa naoga.

Ukweli ambao ningeupata kwa dakika tano za kusoma ni huu. Zamani North Carolina kulikuwa na mtindo wa kuweka alama moja kwa chama na wagombea wa chama hicho wote wanahesabiwa. Mtindo huo ulifutwa na sheria ya 2013, kwa hiyo 2020 ulikuwa marehemu wa miaka saba. Na hata ulipokuwa hai ulikuwa haumgusi rais, huyo ulitakiwa umjaze peke yake, na miaka yake ya mwisho, kuanzia 2004, majaji haukuwagusa vilevile maana walikuwa wanagombea bila chama kuandikwa pembeni. Kwa hiyo mzee hakuwa tu kapitwa na wakati, mzee alikuwa kakosea hata kabla mtindo wenyewe haujafa! Kapiga kura miaka yote hiyo akidhani anachagua majaji kumbe anachagua hewa, halafu akatufundisha na sisi. Na ile ya karatasi kuharibika ni uongo pia, ukijaza wawili kwenye nafasi ya mmoja inakufa nafasi hiyo tu, zingine zinahesabiwa kama kawaida, na ukiona umekosea kabla hujaiingiza kwenye mashine unaomba karatasi nyingine wanakupa bila hata kununa.

Nilimfuata. Nikamwonyesha. Unajua alinijibu nini? "Hao wangeshindwa tu." Kwa kura 401, mzee wangu? Wewe una magrupu mangapi ya Whatsapp? Heshima ya umri ndiyo iliyomwokoa siku ile, nikala samosa zake nikaondoka.

Na wale vijana wa kampeni nao wasijifiche. Wiki tatu zile nilipata meseji mpaka simu ikawa inaishiwa chaji saa nane mchana, Trump hivi, Trump vile, changia dola 5, changia dola 15, na hakuna hata mmoja, HATA MMOJA, aliyeniandikia jina la jaji. Kama mimi mbeba boksi ningejua kuna kiti kitaamuliwa kwa idadi ya watu wa basi nane si ningehonga hata kwa chapati.

Sasa sikia hesabu inayouma. Waliopiga kura ya rais hapa 2020 walikuwa zaidi ya milioni 5 na nusu. Waliopiga ya Jaji Mkuu ni pungufu ya hao kwa zaidi ya laki moja. Yaani watu zaidi ya laki moja waliamka, wakavaa barakoa, wakasimama foleni, wakafika kwenye karatasi, wakachoka kabla hawajafika kwake. Siku hiyohiyo Trump kachukua jimbo kwa kura kama elfu 74 na Cooper wa Democrat kachukua ugavana, maana yake kura zetu zilikuwepo, watu wetu walikuwa ndani ya kibanda na kalamu mkononi. Siwezi kusema zile laki zote zingeenda kwa Beasley, kuna na wa upande wa pili waliochoka vilevile. Ila mimi zangu sita nazijua zingeenda wapi. Na zile za magrupu matatu sizitaki hata kuzikumbuka.

Desemba baada ya kurudia kuhesabu Beasley akakubali kushindwa. Kazini kwetu kuna nesi, mama Mmarekani mweusi mtu mzima, mtu wa utani sana, siku ile kakaa chumba cha mapumziko hali chakula chake. Nikamuuliza vipi. Akaniambia mia nne na moja. Akaniambia marehemu mama yake alikuwa akizuiwa kujiandikisha kupiga kura hukuhuku Kusini. Halafu akaniuliza, "Ulimpigia lakini, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. Nilimdanganya mkuu, mchana kweupe, na akanishika mkono akanishukuru. Sasa wewe unaniambia umeumia kwa sababu Budd kashinda!

Na usione ni kiti cha mapambo. Muhula ni miaka 8, kwa hiyo wa Newby ni mpaka 2028. Baada ya 2020 mahakama ikabaki 4 kwa 3 upande wetu, na hao wanne ndio Februari 2022 waliokataa ile ramani ya majimbo ya ubunge iliyochorwa kuwabeba Republican, ikatumika nyingine. Ndiyo maana Novemba 2022 tulitoka 7 kwa 7 kwenye viti vya Congress, umeona hiyo? Katika huo uchaguzi unaouita msiba, nusu ya viti vilikuwa vyetu, na vililetwa na majina ya chini ya karatasi.

Sasa hiyo Novemba 8 tulikuwa tunatetea viti viwili vya mahakama hiyohiyo, wagombea wetu Sam Ervin na Lucy Inman, wote wakaanguka. Ikawa 5 kwa 2 upande wao. Ramani iliyotumika 2022 ilikuwa ya uchaguzi huo mmoja tu, ilibidi ichorwe nyingine, na wa kuamua kama ni halali wakawa hao watano. Beasley angebaki pale tungekuwa 3 kwa 4, bado wachache ndiyo, ila pengo la kiti kimoja unaweza kuliziba, na pengine hata huu useneta uliomliza kila mtu asingeugombea kabisa. Safari hii pengo lilikuwa kubwa, zaidi ya laki kwa kila kiti, kwa hiyo tulia, si wewe uliyemwangusha Ervin. Lakini uliacha wazi, na hukujua kama ingekuwa laki au 401. Hakuna anayejua akiwa kibandani.

Hata kwenye bunge la jimbo hapa Raleigh ilikuwa hivyo. 2022 Seneti ya jimbo Republican walipata 30 kati ya 50, idadi ya kutosha kuipindua veto ya gavana, yaani akiukataa muswada. Baraza la chini walipata 71 na walihitaji 72. KITI KIMOJA ndugu yangu. Kina dada wa jimbo hili, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuondoa haki ya utoaji mimba Juni 2022, walibaki wamesimama nyuma ya hicho kiti kimoja na kalamu ya Gavana Cooper. Mbunge wako wa jimbo uliijaza au nayo ilikuwa ya chini sana?

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na utaisikia mpaka uchoke: ANZIA CHINI. Ukipewa karatasi nenda moja kwa moja mwisho, kwa bwana udongo na maji, jaza, panda, majaji, panda, bodi ya shule, panda, mpaka umfike rais. Rais huwezi kumsahau, hata uchoke vipi, hata ukiwa na njaa. Wiki mbili kabla ingia tovuti ya tume ya uchaguzi ya jimbo, weka jina lako, utaiona karatasi yako ya mfano, ichapishe, kaa na shemeji mezani, tafuteni kila jina, tieni alama, ingia nayo kibandani ikiwa karatasi, si picha ya kwenye simu. Sisi 2022 tulikaa Jumapili nzima, wali ukaungua, yule mama wa kanisani akawa ndiye mwalimu, anajua majaji kuliko mimi. Nilimwomba msamaha kwanza. Akacheka akasema alijua tu kuwa nilikuwa sijui.

Haya mengine uliyouliza. Kura za maoni kama zilidanganya, sijui, mimi niliacha kuziangalia 2016. Seneti ya taifa kwenye uchaguzi huo wa 2022 tulibaki nayo matokeo ya Nevada yalipotoka. Canada baridi. Baba mkwe... kulikuwa na swali la baba mkwe na sikukuu ya Thanksgiving, ngoja nilitafute, bandiko lako refu na wananiita ndani.

Nitarudi usiku. Ila wewe mwenyewe nijibu hapahapa: Ervin na Inman, uliwahi hata kuyaona hayo majina kabla sijayaandika mimi?