Maswali na majibu: Dawa ya aleji iliyofungiwa ofisini haimfikii mtoto

Muhula mpya umeanza na barua nyingi zilizonifikia ni za wazazi na walimu wa watoto wenye aleji kali, wale ambao karanga moja, maziwa kidogo au kuumwa na nyuki kunaweza kuwaletea anafilaksia, yaani mshtuko wa aleji unaoweza kuua. Nimechagua zinazogusa mambo mawili: dawa, yaani sindano ya adrenalini, iko wapi mtoto anapoihitaji, na nani atamchoma.

Mwanangu wa darasa la nne ana aleji ya maziwa. Mwalimu mkuu anasema utaratibu wa shule ni dawa zote kukaa ofisini, kwenye kabati lenye kufuli. Nibishane naye?

Bishana naye, kwa heshima, na usichoke. Utaratibu wa kufungia dawa uliwekwa kwa sababu kuna dawa ambazo mtoto mwingine akizimeza zitamdhuru. Sindano ya adrenalini ni ya dharura, na kuifungia ni sawa na kutia kufuli kizimamoto. Anafilaksia inaweza kubana njia ya hewa au kushusha presha ndani ya dakika chache, na dakika hizo ndizo zinazopotea mtu akimtafuta mwenye ufunguo.

Mwombe mwalimu mkuu mtembee pamoja, saa mkononi, kutoka mwisho wa uwanja wa michezo hadi ofisini. Mlango umefungwa. Katibu yuko kwenye kikao. Funguo zote ziko kwenye pete moja na hazina alama. Kabati limefunguka, dawa iko nyuma ya mafaili, na bado kuna safari ya kurudi. Sijui mtu anayeweza kulitetea kabati hilo baada ya matembezi hayo.

Na kama anadhani tunatishana, mwambie habari ya Sabrina Shannon, msichana wa miaka 13 wa Ontario, Kanada. Mwaka 2003 alikula chipsi shuleni zilizokuwa zimegusana na maziwa. Alipoanza kubanwa ilidhaniwa ni pumu, na adrenalini yake ilikuwa kwenye kabati lake la vitu. Alifariki. Jimbo hilo likatunga sheria yenye jina lake, iliyoanza kutumika 2006, ambayo inaitaka kila shule ya umma iwe na mpango wa anafilaksia na mafunzo kwa wafanyakazi. Marekani ina sheria ya 2004 inayohimiza majimbo kuwaruhusu wanafunzi wabebe wenyewe dawa zao za pumu na anafilaksia. Uingereza, tangu Oktoba 2017, shule zinaruhusiwa kununua kalamu za akiba, yaani sindano za adrenalini zenye umbo la kalamu zilizojazwa tayari, bila cheti cha daktari.

Ukienda kuonana naye, beba karatasi moja yenye saini ya daktari: picha ya mtoto, aleji yake, dalili, dozi, na namba za kupiga. Wakuu wengi wa shule hawana ubaya wowote, wanaogopa lawama, na karatasi hiyo huwapa pa kusimamia. Kwa mtoto mdogo, dawa ining'inie darasani, juu wasikofika watoto, mahali ambapo kila mwalimu anapajua. Akihama chumba, nayo inahama naye.

Nikimwekea dawa ya maji ya aleji kwenye begi, haitoshi?

Haitoshi. Nimelijibu swali hili muhula baada ya muhula na nitaendelea kulijibu, kwa sababu ndilo linaloua. Antihistamini, yaani hiyo dawa ya maji, hutuliza muwasho na vipele. Haifungui koo lililovimba wala haipandishi presha iliyoshuka, na huchelewa kuanza kufanya kazi. Ubaya wake mkubwa ni kwamba humpa mtu mzima kisingizio cha kusubiri "tuone kwanza". Kwa anafilaksia dawa ya kwanza ni adrenalini. Hizo nyingine zifuate baadaye.

Mtoto aanze kubeba mwenyewe akiwa na umri gani?

Usiangalie umri peke yake. Je, anaweza kusema "ninapata aleji" bila kuona haya? Anakumbuka mkoba wake wa dawa bila kukumbushwa? Amewahi kukuonyesha, kwa kalamu ya mazoezi isiyo na dawa, jinsi ya kuichoma kuanzia mwanzo hadi mwisho? Hatauchezea na wenzake? Kama majibu yote ni ndiyo, azungumze na daktari wake na aanze.

Lakini naomba shule zinisikilize hapa. Mtoto kubeba dawa hakumwondolei mtu mzima wajibu. Mtoto aliyeishiwa pumzi, anayetetemeka na kuogopa, huenda asiweze kujichoma hata kama alifaulu mazoezi yote. Anaibeba ili iwe karibu, na mwalimu lazima awe tayari kuitumia.

Mimi ni mwalimu. Naogopa kumchoma mtoto kumbe hakuhitaji. Nitajuaje?

Mwalimu, hofu yako ni ya haki, lakini ielekeze kwenye kuchelewa. Adrenalini ikichomwa pajani kwa dozi ya mtoto, kwa kawaida huleta kutetemeka, moyo kwenda mbio na uso kupauka kwa muda mfupi, kisha hupita. Anafilaksia iliyoachwa haina huruma hiyo.

Mtoto mwenye aleji inayojulikana akianza kukohoa bila kukoma, sauti ikakwama, akatoa mluzi akipumua, ulimi ukavimba, au akalegea ghafla kama anataka kuzimia, mchome. Usingoje vipele, kwa sababu wapo wanaozidiwa bila kuwa na kipele hata kimoja. Na kama ana pumu pia, usipoteze muda kuamua ni ipi kati ya hizo mbili: adrenalini kwanza, pampu baadaye.

Mlaze chali, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua akiwa amelala, mkalishe chini miguu imenyooka. Usimsimamishe na usimtembeze kwenda zahanati ya shule. Kusimama ghafla katika hali hiyo kumewahi kuua. Dawa ndiyo imfuate. Ondoa kifuniko cha usalama, shika kalamu kwa ngumi, na usiweke kidole gumba kwenye ncha yoyote, maana watu wamejichoma vidole kwa namna hiyo. Kandamiza upande wa nje wa paja, katikati, hata juu ya sare. Utasikia mlio. Shikilia kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kalamu yenyewe, kwani nyingine ni 3 na nyingine ni 10. Angalia saa. Mwenzako apige simu ya gari la wagonjwa wakati wewe unachoma. Dakika 5 zikipita na hakuna nafuu, tumia ya pili.

Omba mafunzo, na uyaombe kwa maandishi. Haki ya mwalimu ni kufundishwa kabla ya siku hiyo.

Akishapata nafuu arudi darasani?

Hapana. Aende hospitali hata kama anacheka, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Kalamu moja inatosha?

Mbili, na zikae pamoja. Moja nyumbani na moja shuleni ni kalamu moja.

Niihifadhi kwenye friji?

Usiiweke kwenye friji, wala juani, wala ndani ya gari lililoegeshwa. Iwe kwenye joto la kawaida la chumba, ndani ya kasha lake.

Ya mwanangu imeisha muda mwezi uliopita. Naweza kuiacha shuleni?

Peleka mpya, na tarehe ya kuisha uiandike kwenye kalenda yako badala ya kuitegemea shule. Dharura ikitokea na iliyopo ni hiyo tu, ni afadhali itumike kuliko kukosa kabisa. Dawa iliyobadilika rangi au kuwa na chembechembe ni ya kubadilisha mara moja. Na kwa kuwa umeshika kalamu, mpime mtoto uzito. Kalamu ya miligramu 0.15 kwa kawaida ni ya kilo 15 hadi 30, na ya 0.3 ni ya kuanzia kilo 30, ingawa madaktari wengi huhamia hiyo mtoto akifika kilo 25. Wazazi wengi hununua ile ile ya zamani huku mtoto ameshakua.

Nimesikia kuna ya kupuliza puani.

Ipo. Iliidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2024. Muulize daktari kama inapatikana kwenu na kama uzito wa mtoto unaruhusu.

Kwetu kalamu hazipatikani. Daktari ametupa ampuli, vile vichupa vidogo vya dawa, na mabomba ya sindano. Shule itaweza?

Dawa iliyomo ni ile ile. Ugumu uko kwenye kupima. Mtoto wa kilo 20 anahitaji mililita 0.2 ya adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita, kiasi kidogo ambacho mkono unaotetemeka unakikosea kwa urahisi. Utafiti wa Kanada uliochapishwa 2001 uliwapima wazazi waliopewa maelekezo: walichukua zaidi ya dakika mbili kuvuta dozi, na vipimo vyao vilitofautiana mno. Kwa hiyo tumieni bomba la mililita 1, daktari aandike kwa mililita na achore mstari unapofika, na watu wazima wawili shuleni wafanye mazoezi kwa ampuli za maji. Muulizeni pia kama anaweza kuwatayarishia bomba lililokwisha kujazwa, na libadilishwe lini.

Wenzake wanamtania, sasa anauficha mkoba kabatini.

Mwelewe, lakini usimkubalie. Mtafutie mkoba mwembamba wa kiunoni alioupenda yeye, na mwalimu alifundishe darasa zima dalili na mahali dawa ilipo. Marafiki ndio huona kwanza. Anayemrushia mwenzake chakula chenye aleji kwa utani aadhibiwe kama aliyehatarisha maisha, maana ndivyo alivyofanya.

Wanakwenda safari ya shule wiki ijayo. Nani abebe?

Mtu mzima mmoja aliyefundishwa, anayekaa kundi moja na mtoto, na mkoba uwe mwilini mwake, si kwenye mizigo ya basi. Muulize mwalimu jina la mtu huyo leo.