Faili la vyeti limegoma kupanda

SWALI: Mambo vipi fundi, niko Morogoro. Naomba kazi mtandaoni, steshenari wameniskania vyeti vyote, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo na transkripti, kurasa 9, PDF ikatoka MB 38 na mfumo unataka isizidi MB 2. Kijana wa pale akaizipu, ikashuka hadi MB 37 tu. Nifanyeje?

JIBU: Poa ndugu yangu. Kuzipu hapo ni kujisumbua bure, maana ndani ya hiyo PDF ni picha tupu na skana ilishazibana, zipu haina cha kukamua tena.

Shida imeanzia kwenye skana, nahisi kijana aliacha dpi 600 (yaani vinukta 600 kwa kila inchi) na rangi zote. A4 moja kwa dpi 600 ina pikseli, yaani vinukta vya picha, kama milioni 35, ukishusha hadi 150 zinabaki milioni 2 na ushee, yaani moja ya kumi na sita, sasa piga hesabu kwa MB 38 zako uone unaangukia wapi. Ikizidi kidogo mwambie aweke greyscale, yaani kijivu bila rangi, itashuka tena. Ila asikushushie mpaka 72 eti iwe nyepesi, muhuri unakuwa tope na namba ya mtihani haisomeki.

Kurudi steshenari huwezi? Kama una kompyuta weka LibreOffice, ni programu ya bure, fungua PDF yako kwenye sehemu yake ya Draw, i-export tena kama PDF na upunguze picha ziwe dpi 150. Tovuti za kubana PDF zipo kibao lakini hapo unamkabidhi mtu usiyemjua vyeti vyako vyote, mimi siwezi.

Halafu CV na barua, watu wanachapa kwenye Word, wanaprinti, wanasaini, wanaskani upya, sijui nani alituzoesha hivi! Seivu PDF moja kwa moja kutoka Word, maandishi matupu ya kurasa 2 hayafiki hata MB 1. Kinachoponza ni ile picha ya pasipoti, umepiga kwa simu MB 5, ukaivuta kwa mausi mpaka ikawa kama stempu, MB 5 zinaweza kubaki palepale, na ule ukuta wa nyuma ulioukata faili linaweza kuendelea kuubeba. Bonyeza picha, ingia Compress Pictures, tiki kufuta sehemu zilizokatwa, chagua 150 ppi (hapa ni sawa na ile dpi), basi.

SWALI: Nikijitumia cheti WhatsApp ili nikiprinti, kinatoka na ukungu, kwa nini?

JIBU: Umekituma kama picha, na WhatsApp inazibana picha kwelikweli. Kitume kama Document, kitafika kilivyo.