Chumvi za jangwani na sayari nyingine: anza na unyevu wa hewa ya Mombasa

Mdogo wangu, umeuliza kama kijana wa Likoni anaweza kusomea chumvi za jangwani ili aielewe Mirihi, bila kufika jangwa la Atacama kule Chile. Anaweza. Mradi wangu wa jiolojia niliufanya juu ya Ziwa Magadi nikiwa nakaa Kisauni. Nitakueleza zaidi lile lililoniumiza, maana sikulikuta katika vitabu nilivyopewa.

Chumvi haibaki vile ulivyoiokota. Nilirudi kutoka Magadi na vipande vya ganda la ziwa katika bahasha za karatasi, nikavipanga kabatini. Ilikuwa Aprili, masika yameshika. Wiki mbili baadaye bahasha zilikuwa zimelowa na rafu inachuruzika. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, na sisi huku usiku mwingi tunaupita. Mama yangu hutia punje za mchele kwenye kopo la chumvi kwa sababu hiyohiyo, na mimi sikuunganisha mambo hayo mawili. Safari nzima ikapotea.

Sampuli za pili zilikuwa jasi, madini laini ya kutengenezea plasta, kutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni, kupita Malindi. Kwa kuogopa unyevu nikazitia kwenye oveni ya maabara, nyuzi 110. Mashine ya eksirei inayosoma mpangilio wa fuwele ikaonyesha basanaiti, yaani jasi iliyokwisha kupoteza robo tatu ya maji yake. Niliandika kurasa tatu nikiamini nimeikuta bwawani. Mwalimu wangu aliniuliza swali moja tu: uliikausha vipi?

Baadaye nikajifunza kwamba hata Mirihi limetokea. Gari la utafiti la NASA liitwalo Curiosity, lililotua mwaka 2012 kwenye kreta ya Gale, lilitoboa mwamba na kutia unga ndani ya kipimo chake. Jasi iliyokuwamo ikageuka basanaiti humohumo, kwa ukavu na joto la ndani ya gari. Wataalamu waligundua kwa kupima sampuli ileile tena na tena, siku baada ya siku. Tangu hapo sipimi sampuli mara moja nikaridhika.

Sasa suala la mahali. Usiseme Magadi ni Mirihi ya Kenya, kama wengi wanavyopenda kusema. Mirihi imejaa salfeti, yaani chumvi za jamii ya jasi, na mwaka 2008 yalitangazwa mabaka ya kloridi, jamii ya chumvi ya mezani, yaliyoonekana kutoka angani. Kwa hayo Atacama inafaa zaidi. Maji ya Magadi ni ya kaboneti ya sodiamu, na ganda lake ni trona, magadi yaleyale tunayotia kwenye maharage. Lakini tazama asteroidi Bennu, mwamba mdogo unaozunguka jua. Chombo cha NASA, OSIRIS-REx, kilileta duniani gramu 121.6 za udongo wake Septemba 2023, na mwaka 2025 watafiti wakatangaza kuwa ndani yake mna trona na chumvi ya kawaida, masalia ya maji chumvi yaliyokauka zamani sana. Chumvi hizo tumeziona kwa sababu udongo ulihifadhiwa ndani ya naitrojeni. Hewa yetu ingeziharibu, kama ilivyoharibu zangu. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu.

Kwa hiyo nenda Gongoni kwanza. Nauli ni ya matatu tu, na mabwawa yamepangwa kwa hatua za kukauka: chokaa hutangulia kutua, halafu jasi, kisha chumvi ya mezani, na mwisho hubaki maji machungu yenye magnesi. Omba ruhusa kwa msimamizi, na wasikilize vibarua. Wao hujua kwa rangi ya maji ni bwawa lipi liko tayari, na ule wekundu unatokana na viumbe vidogo vinavyopenda chumvi kali.

Beba chupa za kioo zenye vifuniko vya kukaza, pakiti za silika za kufyonza unyevu, na kipimo cha unyevu cha bei nafuu. Andika unyevu na joto pale pale unapookota, kabla ya kufunga chupa. Nenda Februari, masika hayajaingia.