Maswali ya Wasomaji: Mlinzi Akianguka, Faulo ni ya Nani?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nacheza ulinzi kwenye timu ya mpira wa kikapu ya mtaani. Kocha anataka tukae mbele ya mshambuliaji tumpokee kwa kifua, lakini kila nikidondoka faulo napewa mimi, na juzi refa amenionya kwa kujiangusha. Nakosea wapi?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Ndugu msomaji, kuanguka hakuamui chochote. Refa makini anatazama miguu na kifua chako kabla hamjagongana. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, unatakiwa uwe umemkabili mpinzani, nyayo zote mbili zimekanyaga chini, kabla hajaruka. Akishakuwa hewani, ukiingiza mguu kwenye njia yake faulo ni yako, hata ukichelewa kufumba na kufumbua.

Wengi hawajui kwamba mwenye mpira hadai nafasi yoyote: unaweza kumtokea hatua ya mwisho kabisa, mradi umewahi. Asiye na mpira ndiye unayepaswa kumwachia hatua moja au mbili ili aweze kusimama au kukwepa. Wala hulazimiki kuganda kama nguzo. Ukishapata nafasi yako unaruhusiwa kurudi nyuma, kwenda pembeni, au kuruka wima. Kinachokuponza ni kumsogelea, au kutoa bega, nyonga au goti nje ya mwili wako. Jipime hivi: akikugonga katikati ya kifua, uliwahi, akikugonga begani au nyongani, mara nyingi ulikuwa bado unahama.

Angalia pia nusu duara iliyo chini ya kikapu, yenye nusu kipenyo cha mita 1.25. Ukisimama humo au ukikanyaga mstari wake, mshambuliaji aliyeruka na mpira kufunga au kutoa pasi hapewi faulo kwa kukugonga, isipokuwa ametumia mkono, mguu au mwili isivyo halali.

Kuhusu lile onyo: refa huinua mkono kuanzia kiwiko mara mbili bila kusimamisha mchezo, kisha mpira ukisimama anakuarifu wewe na kocha. Onyo hilo ni moja tu kwa timu nzima. Mwenzako yeyote akijiangusha baadaye ni faulo ya ufundi: wapinzani wanapata mtupo huru mmoja, faulo inaingia kwenye zile tano zinazomtoa mchezaji huyo nje na kwenye hesabu ya timu ya robo hiyo. Ukijirusha vibaya bila hata kuguswa, refa anaweza kutoa faulo hiyo ya ufundi papo hapo bila onyo. Mshambuliaji anayerusha kichwa nyuma ili aonekane amepigwa naye yumo, na tungependa marefa wamkumbuke zaidi.

Ukigongwa kweli, kunja mikono kifuani, bana kidevu, kalia makalio kisha uteleze. Usitangulize kiganja nyuma. Hapo ndipo vifundo vya mikono huvunjika.

SWALI: NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, nao wanahukumu hivyohivyo?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hapana. Tangu msimu wa 2012-13 waliojiangusha walionywa, kisha kutozwa faini baada ya video kupitiwa; matokeo ya mchezo yalibaki yaleyale. Kuanzia 2023-24 refa anaadhibu uwanjani kwa mtupo huru mmoja, ila faulo hiyo haiingii kwenye sita za mchezaji wala haimtoi nje.